Mbwa wa Alhamisi

St. Paul, Minnesota

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka kazini, nikacheka mpaka abiria wa kando akageuka. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja: kama yule kwenye picha ni mbwa kweli, kama ni mimi niliyemshika kamba, na kama bado naswali. Majibu ni ndiyo, ndiyo, na alhamdulillahi ndiyo. Naanza na hilo la tatu, maana najua ndilo lililokunyima usingizi.

Wewe ndiye uliyetufundisha, pale barazani Ngamiani, Tanga, kwamba kwetu sisi Mashafii najisi ya mbwa huhama kwa majimaji, na kikavu kwa kikavu hakiambukizi. Basi kazini nina sare ya kazini; zamu ikiisha inaingia mfukoni, na kanga yangu ya kuswalia haijawahi kukutana nayo. Mbwa huyu pia amefundishwa asilambe watu. Sababu yao ni vijidudu, wala hawajui habari za fikihi, lakini matokeo yananifaa. Ikitokea pua yake mbichi ikanigusa, naosha mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyotufunza. Udongo wa huku miezi ya baridi huganda haulimiki, kwa hiyo nimehifadhi kopo zima chini ya sinki tangu vuli. Mwenzangu wa zamu ni Msenegali, Mmaliki, naye hulicheka kopo langu kwa sababu Imamu Malik hakumhesabu mbwa kuwa najisi. Tumeshabishana naye chai nyingi juu ya hilo.

Sasa kazi yenyewe. Kama ujuavyo, mimi ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ghorofa ya wenye maradhi ya kusahau. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tulioko mji huu tumepitia kazi hii ya kuogesha, kulisha na kugeuza watu vitandani. Kila Alhamisi alasiri huja mama mmoja, mwalimu mstaafu, na mbwa wake jike aina ya golden retriever. Majira ya baridi mbwa huyo huvaa viatu, jozi mbili, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu humchubua nyayo. Ndiyo, umesoma vizuri. Uongozi ulitaka mtumishi mmoja wa ghorofa yetu ajifunze misingi ya kazi ya mbwa hao ili awe anaongozana nao chumba hadi chumba. Hakuna mkono ulioinuka. Kisha wakasema saa za mafunzo zitalipwa, na wangu ukainuka.

Huku mbwa wanaovaa vizibao si wa namna moja, na Wamarekani wenyewe huwachanganya. Yuko mbwa wa huduma, anayemwongoza kipofu au kumwokotea vitu mtu wa kiti cha magurudumu. Huyo ana sheria yake, ile ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na mwenye hoteli hawezi kumzuia mlangoni. Yuko mbwa wa kumliwaza mwenyewe, ambaye zamani alipanda ndege bure na bwana wake mpaka Wizara ya Usafirishaji, kwa kanuni yake ya Desemba 2020, ilipoyaruhusu mashirika ya ndege kumhesabu kama mnyama mwingine yeyote wa kufugwa. Wa kwetu ni mbwa wa tiba. Yeye huja kwa ajili ya watu wengine, anaingia pale tu alipoalikwa, na akishatoka mlangoni kwetu hana haki yoyote ya ziada. Kuna watu wanaonunua mtandaoni vizibao na vyeti ili waingie na mbwa wao madukani. Vyeti hivyo serikali haivitambui, na hakuna daftari la taifa la mbwa hao. Ujanja wa namna hii, Mjomba, haukuanzia kwetu wala hautaishia kwetu.

Ndani ya hiyo "tiba" nako kuna mgawanyo, na mkufunzi alitukazania tusiuchezee. Mbwa akipita vyumbani, watu wakampapasa na kufurahi, hayo ni matembezi tu, hata kama mtu amelia kwa furaha. Tiba hasa ina mtaalamu, ina lengo, na matokeo huandikwa kwenye faili. Nimeiona kwa bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akimpa vikoni vya plastiki avipange, naye akivitazama kwa dharau. Siku mbwa alipowekwa upande wake wa kushoto na brashi ikatiwa kwenye mkono ule ule mbovu, alichana mgongo wa mbwa mpaka mtaalamu akamwambia apumzike. Baadaye akapewa bizimu la kizibao alifungue na kulifunga, ambayo ni kazi ya vidole. Wenye ulimi mzito hupewa kazi ya kumwamrisha mbwa akae. Neno fupi, na likitoka sawasawa kiumbe kizima kinakaa chini mbele yako. Mtaalamu alikuwa na saa na kalamu mkononi muda wote.

Wala si jambo la juzi. Florence Nightingale aliandika katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kwamba mnyama mdogo huwa mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa wa maradhi ya muda mrefu. Miaka mia moja baadaye, New York, mwanasaikolojia wa watoto Boris Levinson aliona mtoto asiyetaka kusema na watu akisema na mbwa wake, Jingles, aliyekuwamo ofisini kwa bahati tu. Makala yake ya 1962 ilimwita mbwa mganga mwenza, na baadhi ya wenzake katika taaluma wakamcheka.

Nilipoanza mafunzo nilidhani nitafundishwa kumwamrisha mbwa. Amri zilikuwa chache, na mbwa alizijua kabla yangu. Kubwa kuliko zote ni "acha". Kidonge cha mgonjwa wa moyo kikidondoka sakafuni, mbwa hukimeza kabla hujainama, kwa hiyo lazima neno hilo limfikie kabla ya ulimi wake. Mengine tuliyofundishwa ni usafi: mbwa aogeshwe, kucha zikatwe, kila mzee atakase mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, shuka safi itandikwe iwapo atapanda kitandani, na asiingie kabisa kwa mwenye kidonda wazi au aliyetengwa kwa maambukizi. Shirika la Pet Partners, moja ya makubwa ya huku katika kazi hii, linataka mbwa awe ametimiza mwaka, awe ameishi na mwenyewe angalau miezi sita, na asilishwe nyama mbichi, maana nyama mbichi hubeba vijidudu ambavyo mzee dhaifu hawezi kuvihimili. Kila baada ya miaka miwili wote wawili, mbwa na mtu, hurudi kwenye mtihani.

Lakini sehemu kubwa ya darasa ilikuwa kusoma mwili. Mbwa anapopiga miayo naye hana usingizi, anapojilamba midomo na hakuna chakula, anapogeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho unapoonekana, anapojikung'uta naye ni mkavu, yote hayo ni maneno. Mkufunzi mmoja wa Norwei, Turid Rugaas, ndiye aliyeyapa umaarufu, na aliyaita ishara za kutuliza. Hata mkia, ambao sote tunaamini ukitikisika basi mbwa ana raha, unaweza kutikisika kwa wasiwasi. Mwalimu mstaafu alinipa zoezi: nikae pembeni, nisimtazame mzee wala yeye, nimtazame mbwa tu, nikiona miayo nimwinulie kidole. Akiona kidole, bila maelezo, anaaga na kumtoa mbwa nje. Hawapitishi saa mbili kwa siku hata kama vyumba havijaisha. Mwenye mbwa anahesabiwa kuwa wakili wa mbwa wake, na mbwa anaruhusiwa kukataa kazi.

Mjomba, ukishajifunza kusoma hivyo, huwezi kuchagua wa kumsoma. Ghorofa yetu ina watu ambao maneno yamewaisha. Mmoja hugeuza uso ukutani ukimletea kijiko. Mwingine hukunja midomo, mwingine hushika shuka kwa vidole vyote viwili vilivyobaki na nguvu. Kwenye makaratasi yetu tabia hiyo ina jina lake: anapinga huduma. Ni mwili ule ule uliogeuza kichwa, ila wa mbwa ungeandikiwa kwamba amechoka, atolewe nje. Nilimwambia muuguzi mkuu hivyo hivyo nilivyokuandikia. Alinyamaza kidogo, kisha akabadilisha saa ya kuoga ya mzee mmoja kutoka alfajiri kwenda alasiri, na mzee yule tangu hapo anaingia bafuni kwa miguu yake. Sijui kama nimshukuru muuguzi au mbwa.

Siku ya mtihani nayo ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Watahini huhitaji watu wa kuigiza wagonjwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mmoja hutembea akiyumba na fremu ya kutembelea. Mwingine humpapasa mbwa ovyo ovyo, kama mtu ambaye mikono haimtii. Mwingine humgonga kwa nyuma. Watu kadhaa humzunguka kwa pamoja wakimshika. Chakula huwekwa sakafuni apite asikiguse, na mbwa mgeni hupitishwa karibu. Mimi na kijana mmoja tulipangiwa ugomvi, tupigiane kelele hatua chache kutoka kwa mbwa tuone atafanyaje. Kijana akaanza kwa Kiingereza cha adabu. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili cha mnada wa samaki Deep Sea, nikamwambia changu wake ameoza na bei yake ni ya wizi, na kwamba mizani yake ndiyo iliyomfukuzisha babu yake Pangani. Mtahini aliacha kuandika. Mbwa alinitazama, akamtazama mwenyewe, akaketi.

Nilichogundua kwenye karatasi za alama ni kwamba mtu anapimwa sawa na mbwa. Je, alimsemesha mbwa wake kelele zilipoanza? Alijiweka katikati? Kamba ilikuwa imelegea au imekazwa? Bwana mmoja alikuwa na mbwa mpole mno, aliyestahimili kila kitu, lakini mwenyewe alitabasamu na watahini muda wote wala hakumwangalia mnyama hata mara moja. Hakupita. Nami naona walimtendea haki.

Umeuliza pia kama Waislamu hulazimishwa. Hapana. Tunaye bibi wa Kisomali, na Wasomali Minnesota ni wengi. Mlango wake una alama ndogo, mbwa akiifikia korido ile anavushwa upande wa pili. Lakini hawakuandika "Mwislamu" wakamaliza. Walimuuliza yeye mwenyewe, kupitia mkalimani, na jibu lake lilikuwa kwamba mbwa asiingie, ila mlango usifungwe, anapenda kumwona akipita. Yuko pia mzee wa Kimarekani, Mkristo, aliyeng'atwa utotoni, naye hana hamu. Na kila chumba, kila Alhamisi, huulizwa upya. Kukubali kwa wiki iliyopita hakuhesabiwi.

Wale wanaokubali ndio wa kuona. Mbwa ana jina lake, limeshonwa kwenye kizibao, lakini ghorofa yetu hakuna anayelitumia. Mzee mmoja aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa humwita kwa jina la mbwa aliyekuwa naye shambani akiwa mvulana. Jirani yake humwita jina jingine kabisa, la mbwa jike aliyefukiwa labda miaka sabini iliyopita, na humuuliza habari za watoto wake. Mwalimu hasahihishi. Mbwa huitikia majina yote. Mfugaji yule, ambaye hawezi kutaja mwezi wala rais, humkagua masikio kwa mpangilio wa mtu wa kazi, kisha humwambia mwalimu kwamba yako safi, na kweli yako safi.

Najua unavyowaza: laiti wajukuu wangekuja, mbwa wa nini? Mimi nami nilikuwa na msemo huo mdomoni, kwamba hawa wamekosa watoto wakapewa mbwa. Ni msemo mtamu, ukiusema kwenye harusi zetu huku kila mtu anaitikia. Lakini wapo wanaotembelewa kila Jumapili, na Alhamisi bado wanachangamka kwa namna ambayo Jumapili haikuwachangamsha. Mwaka 2007 kulichapishwa utafiti wa hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa wagonjwa 76 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi vizuri. Kundi moja lilitembelewa kwa dakika 12 na mtu wa kujitolea pamoja na mbwa, la pili na mtu wa kujitolea peke yake, la tatu halikutembelewa. Wasiwasi na shinikizo kwenye mishipa ya mapafu vilishuka zaidi kwa waliopata mbwa. Yule binadamu mwema, mwenye tabasamu na muda ule ule, hakufikia. Na mwaka 2003 Odendaal na Meintjes wa Afrika Kusini walikuwa wameshapima damu ya watu na ya mbwa baada ya kupapasana: oksitosini, ile ile wakunga wanayoijua, ilipanda kwa wote wawili. Homoni ya msongo ilishuka kwa watu tu. Ndiyo maana mwenye mbwa hushikilia saa.

Tafiti nyingi za uwanja huu ni za watu wachache, na sikuandikii ili uamini kwamba mbwa anaponya maradhi ya kusahau. Haponyi. Lakini nimekaa na swali la nini anacho ambacho mtu wa kujitolea hana, na jibu langu la ghorofani ni kwamba mbwa haulizi. Sikiliza Jumapili mlangoni kwetu: "Mama, unanikumbuka? Mimi nani? Huyu ni nani? Mwambie jina lake." Watu wanaompenda hasa ndio wanaomtahini, na kila jibu asilolijua anaona linavyoanguka usoni mwao. Mwanamke mmoja hapa alikuwa mhasibu. Swali la pili tu huanza kufinya kitambaa cha meza. Alhamisi hakuna anayempima. Anaweza kukosea jina la mbwa, mwaka, na nyumba aliyomo, na bado kichwa kile kizito kitalala pajani pake.

Kuhusu lile wazo lako la kejeli, kwamba tupeleke mbwa hospitali ya Bombo wakawatibu wagonjwa: tusipeleke. Ila si kwa sababu mnyama hawezi kazi ya hospitali. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa makohozi na kubaini kifua kikuu, na Magawa, panya aliyefunzwa hapo hapo, alivishwa nishani ya dhahabu na shirika la kutibu wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Kwetu tatizo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Mtoto wa kwetu anayemkimbia mbwa barabarani ana akili timamu. Wataalamu husema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukatika. Mwenye hela ya mbwa wa tiba Tanga aanze na sindano hizo, na mambo ya vizibao tutayazungumza wajukuu wako wakishaoa.

Lakini kuna jambo la Bibi, na ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kukutumia sauti. Video mliyonirushia sikukuu, watoto wamepanga foleni mbele ya kitanda chake, kila mmoja anaambiwa amuulize, "Bibi, unanijua mimi nani?", na watu wazima wanacheka anapokosea. Nimeiangalia nikiwa nimezima sauti. Nakuomba uangalie vidole vyake. Kuanzia mtoto wa tatu anavuta upindo wa kanga, na anageuza uso dirishani. Najua mlikuwa na furaha na hakuna aliyekusudia ubaya. Wewe ni mkubwa wetu na watakusikiliza. Waambie watoto waingie wakijitaja wenyewe: "Bibi, shikamoo, ni mimi mtoto wa fulani," kisha wakae. Wasiulize kitu. Akiwaita kwa majina ya ndugu zake wa Mkinga waitikie.

Na mpeni kitu mkononi. Hatuna mbwa, na angekuwepo angemfukuza kwa fagio. Lakini amesuka mikeka maisha yake yote. Mnunulieni ukindu uliokwisha kupakwa rangi, mwekundu na ule wa zambarau alioupenda, mumwanzishie ukili vidole vichache na mumwachie. Usipomalizika mkeka si neno. Akitupa chini, msimrudishie siku hiyo. Hela nimetuma jana kwa simu ya shangazi. Nimeichanganya na ya dawa zako za presha, na usije ukazinunulia ukindu zote.

Wasalaam,
Mpwa wako